Jiwe linalozaliwa gesi inapotoroka

Birika lililochemshia maji ya kisima kwa miaka huota utandu mweupe ndani. Ukiukwangua kwa ukucha hubanduka vipande vipande, kama ganda la yai. Anayeufahamu utandu huo akiona picha ya Pamukkale kule Uturuki, mlima mzima uliovikwa weupe, mabeseni ya maji ya buluu yamepangana kama ngazi, haoni fumbo lolote. Ni birika lile lile, ila kubwa. Maji ya moto yalibeba chokaa, yakapoa, mengine yakawa mvuke, chokaa ikabaki.

Maelezo hayo yana mvuto, lakini kwa sehemu kubwa si kweli. Kupoa kwa maji hakuleti jiwe. Kukiachwa peke yake kungelizuia. Mvuke nao, kwenye chemchemi nyingi za aina hii, mchango wake ni mdogo. Mhusika mkuu haonekani kwa macho, na kazi yake yote ni kuondoka: kaboni dioksidi, gesi ile ile inayofoka ukifungua chupa ya soda.

Tuanzie chini. Maji ya mvua hupenya udongoni, hushuka kwenye nyufa za miamba hadi kina cha mamia au maelfu ya mita, na huko hupashwa moto na ardhi yenyewe. Njiani hukutana na kaboni dioksidi. Nyingine ni ya udongoni, ambako mizizi na vijidudu hupumua. Kwenye chemchemi za maji moto, hata hivyo, sehemu kubwa mara nyingi hutoka chini zaidi, ama kwenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inayopoa, ama kwenye mawe ya chokaa yanayookwa mpaka yakaitoa gesi iliyofungwa ndani yake. Kwa kuwa mgandamizo wa huko ni mkubwa, gesi haina pa kukimbilia. Inayeyuka ndani ya maji na kuyafanya asidi dhaifu. Asidi dhaifu ikikaa na jiwe la chokaa muda mrefu hulila.

Hulila kiasi gani? Jiwe la chokaa, kikemia, ni kalsiamu kabonati. Maji matupu yasiyo na gesi huyeyusha miligramu 14 hivi tu kwa lita, na hapo yamechoka. Yashibishe kaboni dioksidi kwa mgandamizo wa angahewa moja, na lita hiyo hiyo hubeba karibu gramu nzima. Ni zaidi ya mara sitini. Ndani ya maji hayo jiwe limeshavunjika kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za kalsiamu na za bikabonati, na ukiyachota kwenye glasi huoni chochote. Mwitikio huu, na hapa ndipo penye ufunguo wa habari yote, huenda mbele na kurudi nyuma. Gesi ikiongezeka, jiwe huyeyuka. Gesi ikipungua, jiwe hurudi, na kila chembe ya kabonati inayoganda huachia molekuli moja ya kaboni dioksidi iende zake. Kwa kila gramu 100 za jiwe jipya, gramu 44 za gesi zimetoka majini.

Sasa joto, maana ndilo linalowachanganya wengi. Chumvi na sukari huyeyuka zaidi kwenye maji ya moto, nasi tumezoea kudhani kila kitu kiko hivyo. Kalsaiti, ambayo ndiyo sura ya kawaida ya kalsiamu kabonati, imekwenda kinyume: maji yakizidi kuwa moto, uwezo wake wa kuiyeyusha hupungua. Hii ni sababu moja ya birika kuota utandu. Sababu ya pili ni kwamba kuchemsha hufukuza gesi. Lakini maji ya chemchemi hayako jikoni. Yametoka chini yakiwa ya moto, na tangu yanapochomoza kazi yake ni kupoa tu. Kama joto pekee ndilo lingekuwa na usemi, maji hayo yangezidi kupata nguvu ya kuyeyusha kila hatua yanayoteremka, na mlima ungeliwa badala ya kujengwa. Unajengwa kwa sababu nguvu ya gesi kutoka huishinda nguvu ya maji kupoa, tena kwa mbali.

Ushahidi ninaoupenda zaidi wa jambo hili hautoki kwenye mlima wowote mzuri, bali kwenye mabomba. Visima vya umeme wa jotoardhi huziba kwa kalsaiti, lakini havizibi ovyo. Chini kabisa, ambako joto ni kali kuliko kwingine kote, bomba huweza kuwa safi. Ganda nene huanza pale hasa maji yanapopungukiwa mgandamizo na kuanza kuchemka. Viputo vikitokea tu, kaboni dioksidi huvikimbilia, na maji yanabaki na kalsiamu ambayo hayawezi tena kuibeba. Juu kidogo ya hapo ganda hupungua, kwa kuwa mzigo umeshatuliwa. Wahandisi wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana hushusha mrija mwembamba mpaka chini ya kina hicho na kutia dawa ya kuzuia fuwele kabla kiputo cha kwanza hakijazaliwa.

Juu ya ardhi kinachotokea ni kile kile, ila hadharani. Mahali palipochunguzwa kwa makini zaidi pengine ni Mammoth Hot Springs, ndani ya hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani. Hifadhi hiyo ina mfano mzuri wa jinsi mwamba wa chini unavyoamua jiwe la juu: chemchemi inayoruka ya Old Faithful hupitisha maji yake kwenye miamba ya volkano yenye silika nyingi, hivyo huacha silika, maji ya Mammoth hupita kwenye mawe ya chokaa yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 300, hivyo huacha kabonati. Yanachomoza yakiwa na nyuzi joto 73 hivi za Selsiasi, na pH, kipimo cha uasidi, karibu na 6. Yakishateremka mteremko na kupoa, pH imepanda kuelekea 8. Hakuna aliyetia alikali. Kilichoondoka ni kaboni dioksidi, na asidi imeondoka nayo.

Jiwe, hata hivyo, halishuki papo hapo kila gesi inapotoka. Maji yanaweza kubeba kabonati mara kadhaa zaidi ya kiwango chake halali bila kuitua, kwa sababu fuwele mpya inahitaji mahali pa kuanzia: ukingo wa jiwe la zamani, jani lililoanguka, unyoya wa ndege, mwili wa bakteria. Kwa hiyo kwenye chemchemi nyingi utakuta mdomo wenyewe una jiwe dogo, na lundo kubwa liko hatua kadhaa mbele, pale gesi ilipotoka ya kutosha na maji yakaanza kukimbia. Ukitaka jambo liende upesi, yatikise maji au yatandaze yawe membamba. Wakazi wa Karlovy Vary, mji wa Ucheki wenye chemchemi ya nyuzi joto zaidi ya 70, waliligeuza hilo kuwa biashara: huweka waridi za karatasi chini ya maji yanayonyunyiza, na ndani ya majuma machache kila petali imevikwa jiwe la rangi ya hudhurungi, rangi inayotokana na chuma kilichomo majini.

Mabeseni ya ngazi nayo yanaeleweka kwa njia hiyo hiyo. Chukua mteremko ulio laini na upitishe maji juu yake. Palipo na kinundu kidogo, maji huwa membamba na huongeza kasi yanapokivuka. Wembamba na kasi humaanisha gesi inatoka haraka, na ayoni mpya zinaufikia uso wa jiwe bila kuchelewa. Basi kinundu hukua kuliko jirani zake. Kikikua, maji yanayokivuka huwa membamba zaidi, nacho hukua zaidi. Nyuma yake maji yanazuilika na kutulia, na palipotulia jiwe hukua taratibu. Baada ya muda umepata ukuta mbele na dimbwi nyuma. Mwaka 2006 mwanafizikia Nigel Goldenfeld na wenzake walionyesha kwa kompyuta kwamba kanuni chache za mtiririko na utuaji zinatosha kuzalisha ngazi zinazofanana sana na za Mammoth. Hakuna fundi, na ngazi zinapangika.

Inama kwenye dimbwi moja lililotulia na utaona mengine. Juu ya maji huelea vigae vyeupe, vyembamba kuliko karatasi. Ni fuwele zilizoanzia kwenye uso wa maji, ambako gesi hutorokea, zikashikana na kushikiliwa na mvutano wa uso huo. Upepo ukivitikisa huzama, na chini hurundikana kama makaratasi yaliyotupwa. Viputo vya gesi vilivyonasa kwenye matope huvikwa ganda kabla havijapasuka, hivyo ukilivunja jiwe miaka mingi baadaye unakuta vitundu vya duara, vitupu, kila kimoja na ukuta wake. Mahali maji yanapogaragaza chembe za mchanga bila kuzitoa nje, kila chembe hupata tabaka juu ya tabaka mpaka inakuwa kama lulu. Sijui jiwe jingine linalohifadhi viputo vya mchana mmoja kwa uaminifu kama huo.

Hadi hapa nimesema "kabonati" kana kwamba ni kitu kimoja. Kikemia ndiyo, kimadini hapana. Kalsiamu kabonati huweza kupangika kwa namna zaidi ya moja, na mbili ndizo zinazotawala kwenye chemchemi. Ya kwanza ni kalsaiti, ambamo kila kalsiamu imezungukwa na oksijeni sita. Ya pili ni aragonaiti, jina lililotokana na Molina de Aragón nchini Hispania, ambamo kalsiamu imezungukwa na oksijeni tisa. Aragonaiti imebanana zaidi: sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 2.93, wakati ya kalsaiti ina 2.71. Kwa macho, kalsaiti hupenda vipande vyenye pande bapa zilizoinama. Aragonaiti hupenda sindano, mara nyingi zikiwa zimetoka kwenye nukta moja kama miiba ya nungunungu.

Kwa vitabu vya kemia, kalsaiti ndiyo tulivu kwenye uso wa dunia na aragonaiti haikupaswa kuwepo. Ipo kwa sababu fuwele haziulizi ni ipi tulivu, zinauliza ni ipi inayowahi. Huko Mammoth watafiti wamepata mpangilio unaoeleweka: juu ya nyuzi 44 hivi ni aragonaiti, chini ya nyuzi 30 ni kalsaiti, na katikati zimechanganyika. Pamukkale, ambako maji hutoka yakiwa na nyuzi 35 hivi, weupe wake ni wa kalsaiti kwa sehemu kubwa. Magnesiamu nayo ina neno. Ayoni zake hujibandika kwenye uso wa kalsaiti, zikashikilia kwa nguvu maji yanayozizunguka na kuichelewesha kukua, lakini haziingii kirahisi kwenye mpangilio wa aragonaiti. Hivyo maji yenye magnesiamu nyingi kulinganisha na kalsiamu huipa aragonaiti nafasi hata joto likiwa dogo. Strontiamu, ambayo ayoni yake ni kubwa, hukaa vizuri ndani ya aragonaiti kuliko ndani ya kalsaiti. Kasi ya gesi kutoka ina athari pia.

Kanuni ya joto inataka kuchukuliwa kwa tahadhari, na Ziwa Bogoria nchini Kenya linatukumbusha hivyo. Chemchemi za ufukweni mwake hukaribia kuchemka. Kwa kanuni ya Mammoth ungetarajia sindano za aragonaiti tupu. Wanajiolojia Brian Jones na Robin Renaut walioyachunguza mawe ya hapo walikuta pia kalsaiti, tena ikiwa na umbo la vichaka vyenye matawi, namna ambayo fuwele hukua zikilazimishwa kwenda mbio na maji yaliyojaa kupita kiasi. Joto ni kigezo kimoja tu. Anayetaka kutabiri madini kwa kipimajoto pekee ataumbuka.

Vijidudu vina nafasi gani? Hapa wataalamu wamebishana kwa muda mrefu, na mimi naona pande zote mbili zimewahi kutia chumvi. Mwaka 1984 wanajiolojia Henry Chafetz na Robert Folk walieleza vichaka vidogo vya kabonati ndani ya travatini, yaani jiwe hili la kabonati la chemchemi, wakasema vimejengwa kwa msaada wa bakteria. Hoja ina uzito. Kwenye maji yaliyopoa kidogo hukua bakteria wanaotumia mwanga, na usanisinuru huchota kaboni dioksidi majini, yaani hufanya kazi ile ile ya viputo. Kwenye mifereji ya moto ya Mammoth, bakteria warefu kama nyuzi hulala kufuata mkondo, na sindano za aragonaiti huota juu yao mpaka jiwe likachukua sura ya nywele zilizochanwa. Majimaji ya kunata wanayoyatoa hushika kalsiamu na kutoa mahali pa fuwele kuanzia. Lakini karibu na mdomo wa chemchemi gesi hutoka kwa wingi kiasi kwamba mchango wa usanisinuru humezwa. Naona ni haki kusema hivi: kiasi cha jiwe huamuliwa hasa na gesi, na sura yake, ukiitazama kwa kioo cha kukuzia, mara nyingi ina alama ya kiumbe hai.

Neno travatini nimelitumia bila kueleza lilikotoka. Limetokana na *lapis tiburtinus*, "jiwe la Tibur", jina la kale la Tivoli karibu na Roma, ambako machimbo yake yalitoa mawe ya Colosseum. Matundu unayoyaona kwenye vigae vya jiwe hili ni mapengo yaliyoachwa na viputo, mimea iliyooza na tabaka ambazo hazikushikana. Jamaa yake wa maji baridi huitwa tufa. Nalo ni kabonati, lakini gesi yake ni ya udongoni, halina joto, na limejaa alama za mizizi na kuvumwani. Maporomoko ya Plitvice nchini Kroatia yamejengwa nalo. Mpaka kati ya majina haya mawili si mstari wa wino. Waandishi hutofautiana, na chemchemi moja huweza kuanza na travatini juu na kumaliza na tufa chini.

Kasi ya ujenzi ndiyo inayonishangaza kila mara. Mapango huongeza stalaktiti, mawe yanayoning'inia darini mwake, kwa sehemu ya milimita kwa mwaka. Chemchemi ya moto yenye nguvu huweza kuweka sentimita nyingi kwa muda huo huo. Kasi hiyo ndiyo pia hatari yake. Chemchemi hujizibia mdomo kwa jiwe lake yenyewe, maji yakatafuta ufa mwingine, na ngazi iliyokuwa nyeupe ikakauka, ikawa ya kijivu na kumeguka. Liberty Cap, nguzo yenye urefu wa mita 11 hivi huko Mammoth, ni mdomo wa chemchemi iliyojijenga kwenda juu kisha ikanyamaza. Pamukkale maji huelekezwa kwa zamu kwenye sehemu mbalimbali za mlima, ili weupe usififie.

Tabaka hizo huweka kumbukumbu. Gesi inapotoroka huondoka zaidi na kaboni nyepesi, hivyo jiwe lililotua mbali na mdomo huwa na kaboni nzito kidogo kuliko la karibu, na mpimaji anaweza kusoma maji yalikoelekea hata chemchemi ikiwa imekufa zamani. Oksijeni ndani ya kabonati hubeba habari za joto. Urani iliyonasa humo hubadilika polepole kuwa thoriamu, na uwiano wake hutoa umri. Katika machimbo ya travatini ya Kocabaş, si mbali na Pamukkale, ndani ya jiwe lilikutwa fuvu lisilo kamili la *Homo erectus*, jamii ya binadamu wa kale, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja. Kasoro ni kwamba aragonaiti haidumu. Maji ya mvua yakiipitia huyeyuka na kurudi ikiwa kalsaiti, na mara nyingi kumbukumbu huondoka pamoja na sindano. Ndiyo maana anayesoma travatini ya kale huanza kwa kuuliza kama fuwele anazoziona ndizo zilizozaliwa na maji yale.

Ipo njia nyingine ambayo kabonati hupitia, na kwenye hiyo yule wa mvuke tuliyemshusha cheo mwanzoni hupata kiti chake. Chemchemi zinazozunguka Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, baadhi zikizidi nyuzi 80, hutoa maji yenye sodiamu na bikabonati nyingi lakini kalsiamu kidogo mno. Iliyokuwepo ilishatua kama kalsaiti njiani. Gesi inatoka pale vile vile, ila hakuna kalsiamu ya kuganda nayo. Sodiamu haigandi kwa gesi kutoroka tu, inahitaji maji yenyewe yapungue. Jua linayapunguza, pH inapanda kupita 9, na ziwani kunaganda trona, kabonati ya sodiamu yenye maji ndani ya fuwele zake, tabaka lenye unene wa makumi ya mita. Kwa Kiswahili hatukuhitaji kuazima jina la madini hayo. Tunayaita magadi.